Zima, Washa

Hongera kwenu wafadhili mnaotuletea kompyuta kuukuu katika shule za Lubumbashi. Moja ina Windows 7, iliyotupwa mkono na Microsoft tangu Januari 2020. Nyingine ina Ubuntu. Ile ya pembeni ni Mac ambayo hakuna ajuaye nenosiri lake. Kisha mnaacha programu moja ya hesabu, faili yenye mkia wa .exe, mnapiga picha na watoto, mnaondoka.

Windows inalalamika: programu ni ya biti 64, yenyewe ni ya biti 32. Ubuntu inaitazama faili kama mkwe aliyekuja bila mahari. "Papa fundi, tufanyeje?" anauliza mwalimu. "Zima, washa," anajibu fundi, na analipwa. Kuzima, umeme wa mji hutuzimia bure.

Kibodi nayo ni ya QWERTY, lakini mfumo umepangwa kwa AZERTY ya Kifaransa. Mtoto anabonyeza A, kioo kinaandika Q, na programu inamsuta kwamba hajui kuandika.

Dawa ipo. GCompris, michezo ya kielimu iliyoanza mwaka 2000, ni ya bure na ina toleo la Windows, la Linux na la Mac. Tatizo lake ni moja tu: haina utepe wa kukata.

Lakini kobalti ya hapa kwetu Katanga huingia kwenye betri za kompyuta za kila aina, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba haioani na mfumo.