Sifa za Picha Mbovu ya Farasi

Anayepitia matangazo ya farasi na poni nchini Uingereza hukuta mnyama wa maelfu ya pauni akinadiwa kwa picha ambayo hata muuza baiskeli kuukuu angeionea haya. Huyu amekatwa masikio. Yule amezama nyasini hadi magotini. Mwingine kapigwa gizani ndani ya banda, na mwenzake kafunikwa blanketi kuanzia shingo hadi mkia. Wapo wanaopigwa kutoka juu ya tandiko, mnunuzi akaambulia masikio mawili na njia ya shambani. Wajuzi hulaani uzembe huo. Wangefaa kuushukuru, maana katika tangazo zima picha mbovu ndiyo shahidi pekee asiyefundishwa la kusema.

Maneno ya tangazo huchaguliwa kwa hila: mpole, hana makuu, anafaa familia. Mpigapicha mzembe hachagui kitu, hivyo huingiza kila kitu. Uzio uliolegea husimulia malezi ya mnyama. Matope ya miguuni hueleza hali ya malisho. Na mtu aliye pembeni, akivuta kamba kwa mikono miwili huku visigino vimezama ardhini, hulifafanua neno “mpole” kuliko kamusi. Hata urefu una ushahidi wake. Kwa desturi poni hazidi viganja 14 na inchi 2, yaani sentimita 147 hivi mabegani, na toroli la samadi lililosahauliwa kando yake humuumbua muuzaji aliyemwongezea inchi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Picha mbovu haiwezi kushtakiwa kwa kujitembeza.

Picha nzuri, kinyume chake, ina historia ya kutiliwa shaka. Mwaka 1821 mchoraji Mfaransa Théodore Géricault alichora farasi wa mbio za Epsom wakipaa, miguu ya mbele na ya nyuma imenyooka, na mchoro wake ukapendwa sana. Mwaka 1878 huko Palo Alto, California, mpigapicha Eadweard Muybridge alipanga kamera mfululizo kando ya njia ya mbio, akapata picha ambazo farasi alionekana karibu kama kivuli cheusi. Vivuli hivyo ndivyo vilivyoonyesha kwamba farasi anayekimbia kwa kasi huachana na ardhi miguu yake ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Uzuri ulikuwa umedanganya; sura mbaya ikasema kweli. Hata leo fundi wa kamera humsimamisha farasi mahali miguu ya mbele ilipoinuka kidogo, na umbo la kawaida likageuka la bingwa. Mzembe humsogezea simu puani, kichwa kikavimba na makalio yakasinyaa, ili mnunuzi akifika amkute mnyama mzuri kuliko alivyotarajia.

Yuko atakayesema kwamba huku ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ni kweli, ila gunia hili huelekeza pa kupapasa: nyasi zikificha kwato, kagua kwato, blanketi likifunika mgongo, livue. Mwingine atalalamikia mafuta ya gari ya kwenda kumwona mnyama. Safari hiyo ni lazima hata picha ingekuwa ya kifalme. Ukaguzi kamili wa daktari wa mifugo nchini Uingereza una hatua tano: uchunguzi wa mwanzo, kutembezwa na kukimbizwa kwa kamba, mazoezi, mapumziko, kisha kukimbizwa tena, na hakuna lenzi inayosikia pumzi wala kuona kuchechemea. Picha inayomridhisha mnunuzi akiwa kitini ndiyo ya kuogopwa. Kwa hiyo tuziombee simu zetu zisizidi kuerevuka. Siku programu zitakapofuta zenyewe uzio, toroli na yule mtu wa kamba, mnunuzi atabaki na neno “mpole” peke yake, na hilo halijawahi kumzuia farasi kupiga teke.