Sifa za Moteri Isiyozunguka

Chukudu ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu mjini Goma, na ni haki yake: chombo cha mbao cha kubebea mizigo, kisichojua umeme, hakina sababu ya kugoma. Ila moteri ya mashine yangu ya kuchonga mbao, hapa Kanyaruchinya, hakuna aliyeisimamishia chochote, ingawa yenyewe husimama kila siku bila kuombwa.

Mashine ni kuukuu: meza ndogo, reli mbili, kompyuta ya kizamani inayoelekeza, na hiyo moteri ya kuzungusha jino la kukatia. Ni mtumba wa Dubai uliopitia Kampala. Kompyuta inatii, reli zinatii. Mwenye hiari ni moteri peke yake.

Sifa zake ndogo tuzipitie haraka. Ina subira, hasa kwa kazi ambayo mteja ameshalipa avansi. Inapenda watu: ikizima tu, majirani wote wanakuja kuiinamia, kila mmoja na ushauri wake. Inafukiza karakana kwa harufu ya vanishi iliyoungua, bila gharama ya ubani.

Lakini sifa kuu ni ukweli. Katika eneo zima la Nyiragongo sijaona shahidi wa kuifikia. Karatasi zinasema volti 220. Jioni, resho na pasi za mtaa zikiwashwa, moteri inashusha sauti kama mzee aliyekatizwa kauli. Ukichomeka mita kwenye soketi unasoma 165, nayo moteri ilikuwa imeshakwambia. Kaboni zinazoipitishia umeme zikiisha, haifichi: cheche za buluu zinazunguka kolekta mbele ya macho ya wateja. Beringi zikila vumbi la volkano, lile jeusi linalokwaruza hata kioo, inapiga yowe mpaka barabara ya Rutshuru. Na ukitaka kuihoji, haina urasimu. Unachomoa waya, unafungua vifuniko viwili vya ubavuni, kaboni inaruka na springi yake, fupi, imekatika pembe. Unazungusha mhimili kwa mkono. Mhimili ukikwaruza, kosa ni la beringi. Ukizunguka laini lakini ukiwasha moteri haizunguki, nenda kwenye kaboni, kwenye waya, kwenye kibao cha kurekebisha kasi. Ukikuta vyote vizima, mtafute fundi wa kusuka moteri na uandae pesa. Kila ugonjwa una sauti yake, na hakuna sauti iliyowahi kunidanganya. Papa mmoja fundi, mkongwe wa mtaa wa Birere, huiwekea bisibisi, akatega sikio na kutoa hukumu kabla hajavua koti.

Sasa nitajieni ofisi moja inayofanya kazi hivyo.

Nilipeleka malalamiko kwa wauza umeme, moteri yenyewe nimeibeba mkononi, bado ya moto. Kijana wa dirishani akatazama skrini, hakutazama moteri. «Shefu, mtandao uko sawa. Andika barua.» Niliandika. Mtu wa kupima volti hajafika hadi leo, ila fakitire inafika kila mwezi, maana yenyewe haihitaji volti ili itembee.

Tuje kwenye kaboni mpya. Ni vipande viwili! Mtoto angevipoteza mfukoni, vinaenea ndani ya kibiriti, na bado kila kizuizi cha barabarani kililipwa. Mtoza ushuru wa kwanza aliandika «mashine», wa pili «vifaa vya umeme», wa tatu hakuandika, alinyoosha mkono tu. Kitansi ni kirefu kuliko mzigo. Kwa pesa ile ningepitisha mifuko ya saruji. Samahani, nilikuwa nasifu.

Januari 2025 laini inayoleta umeme kutoka bwawa la Matebe, Rutshuru, ilikatwa na mapigano. Mji ukalala gizani, na maji yakakauka mabombani. Moteri haikutoa tangazo, ilinyamaza tu, na huo nao ni ukweli. Matangazo yalitoka kwingine. Tarehe 27 Juni mawaziri wetu na wa nchi jirani walitia saini mkataba wa amani Washington, Julai zikafuata saini za Doha, za serikali na waasi. Redio ikasema amani. Nikabonyeza swichi. Ikanguruma, haikuzunguka. Nadhani haikupata nakala.

Miaka ile ya kambi, tangu 2022, wakimbizi wa Rutshuru na Kibumba walipolala chini ya mahema juu ya mawe haya ya volkano, kazi iliyojaa karakana ilikuwa misalaba ya majina. Kwa kazi hiyo moteri haikugoma hata mara moja: mbao laini, herufi chache, na wengine walikuwa na jina moja tu. Mapema 2025 kambi zikabomolewa, watu wakaambiwa warudi makwao, na mabwana wa matangazo wakatuhesabia hilo kama habari njema.

Juzi limekuja agizo jipya: kibao cha ofisi ya kodi, mkaratusi mgumu, herufi kubwa zilizopambwa. Moteri imekwama kwenye herufi ya tatu, cheche juu. Sijaifungua. Nimetuma ujumbe waje wakubwa wenyewe waisikilize, na waje na avansi nyingine. Kitansi nitawaandikia, tena kirefu.