Sikio la Kushoto

Sokoni Kalemie hakuna ekuteri feki, hivi visikizi vya kuchomeka masikioni. Ukiuliza, utaambiwa ziko orijino za aina mbili: orijino ya kawaida na orijino ya Dubai. Bei zinapishana mara tatu, ingawa zote zimeshushwa bandarini kutoka Kigoma, pengine katika katoni moja.

"Papa, hii ina besi!" kijana aliniambia, huku akipangusa boksi kwa kiganja. Kweli, besi ilikuwepo: imeandikwa pande zote nne za boksi. Nikachomeka kwenye simu, nikaweka rumba ninayoijua tangu utoto. Besi ikanguruma, mwimbaji akasikika kama mtu aliyejificha chini ya kitanda. Nikalipa, kwa kuwa jua lilikuwa kali na kijana ana maneno matamu.

Rumba ndiyo kipimo. Katika nyimbo nyingi za stirio, gitaa la solo limewekwa upande mmoja na la kusindikiza upande wa pili. Basi sikio la kushoto lilipokufa, mpiga solo alikufa nalo. Sebene likabaki na msindikizaji peke yake, anajibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Ugonjwa uko shingoni, pale waya unapoingia kwenye pini. Ndani mna nyuzi za shaba nyembamba kama unywele. Zikikunjwa kila siku mfukoni, hukatika. Ukiibana shingo hiyo kwa dole gumba, mpiga solo anafufuka. Nikawa natembea mkono wa kulia mfukoni, nimebana. Ndivyo nilivyokutana na mzee wa mtaa nikampa mkono wa kushoto. Kabla sijafika nyumbani, mama alikuwa ameshaambiwa kwamba mwanawe amekosa adabu.

"Mjomba, achana na waya," mpwa wangu akanishauri. Zisizo na waya ni nzuri, sikatai, ila zinataka umeme, na umeme wetu una ratiba yake. Isitoshe, zinataka barabara laini. Juu ya pikipiki, darajani Lukuga, tuliruka shimo na kisikizi kimoja kikachomoka, kikatumbukia mtoni. Lukuga ndio mto pekee unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika: unaingia Lualaba, ndiyo Kongo yenyewe, hadi Atlantiki. Kisikizi changu kiko safarini. Kilichobaki kilitangaza kwa Kiingereza kwamba mwenzake hapatikani.

Kaski kubwa, zile zinazofunika masikio? Sauti safi, jasho masikioni, na honi ya pikipiki huisikii mpaka ikuguse.

Kwa mfuko wa kawaida, chukua zenye waya. Angalia shingo ya pini iwe na mpira mnene unaopinda taratibu, na weka wimbo wako, si wa muuzaji, usikilize masikio yote mawili huku ukiutikisa waya. Akikasirika, nenda meza ya pili. Anayenunua za bei ya chini kabisa kila mwezi, mwisho wa mwaka ameshalipia kaski, na kaski hana.

Zilizokufa nazo usizitupe. Simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa ekuteri kuwa antena. Unachomeka, unafungua spika ya simu, na Radio Okapi inaingia bila mikwaruzo. Kama unazo nyumbani, wape wazee.