Mlipe Kinyozi kwa Nywele

Nchi hii ina siku ya taifa ya kupanda miti. Ni tarehe 1 Aprili, ambayo kwingine ni sikukuu ya wajinga, na mimi hapo sina la kuongeza. Siku hiyo turubai linafungwa, spika zinapigwa "haloo, haloo", mgeni rasmi anashuka kwenye gari na kukabidhiwa mche juu ya shimo lililochimbwa tangu jana. Anapigwa picha, anamwaga maji nusu ndoo, tunapiga makofi. Kila halmashauri inadaiwa miti 1,500,000 kwa mwaka, kwa hiyo hakuna muda wa kukaa na mche mmoja. Tunakunywa soda, tunatawanyika.

Mche huo ukinusurika mbuzi wa Bunda, ukanusurika mchwa, na ukanusurika kiangazi cha Juni hadi Septemba, hakuna atakayeutazama tena mpaka siku ya panga. Nasema uongo: wakisikia kuna kiongozi anapita barabara ya Mwanza kwenda Musoma, utapakwa chokaa kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Na mganga wa nyota atapigilia bango lake kwa misumari minne. Huduma nyingine hakuna.

Kumbe miaka ile ya mwanzo ndiyo ya kuutengeneza. Mjohoro mchanga ukitoa vichwa viwili vinavyogombania kwenda juu, unachagua kimoja, kingine unakiondoa kingali unene wa kidole gumba. Ni kazi ya dakika moja. Ukiviacha, vinanenepa vikiwa vimebanana, gamba linanaswa katikati, na ile panda unayoiona imeshikamana haijashikamana chochote. Siku upepo wa ziwani ukija na mvua ya masika, mti unapasuka kati kwa kati, na nusu moja daima huchagua upande wenye bati jipya. Sisi watu wa ziwani ndio mabingwa wa kuwaambia wenzetu samaki mkunje angali mbichi, lakini ikifika zamu ya mti tunangoja ukauke.

Basi mti unakua hovyo, unatanda, na hapo ndipo anapotokea kijana mwenye panga na shoka. Hujamwita. Anasimama getini, anatazama juu, anatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

"Mzee, huu mti ni hatari. Nikukatie bure, mimi nachukua kuni tu."

Hapo kwenye bure ndipo tunapokwisha. Mkono mtupu haulambwi, na kijana ana haki ya kula, sibishani. Lakini fikiria: mlipe kinyozi kwa nywele uone kama utatoka pale na nyusi. Anayelipwa kuni hawezi kuona tawi bovu, kwa sababu tawi bovu halina bei. Anaona magogo. Lile tawi kavu lililooza, ambalo kweli litamwangukia mtu, analiacha. Anapanda juu, anakata kichwa chote, na yale mapande manene ya mkaa yanashuka moja moja.

Nimemtazama mmoja akifanya kazi kwa jirani. Aliacha malapa chini, akakaa kwenye panda, akaanza kukata tawi nene la mkrismasi kutoka juu. Hakufika katikati. Tawi likalemewa na uzito wake, likalia, likaondoka na gamba lote la shina kuteremka hadi usawa wa kifua changu. Chini ya gamba mti ulikuwa mweupe na unatoka maji. Kijana akasema, "Limetoka vizuri." Jirani akaleta oili chafu ya pikipiki wapake kidonda, na wote wawili wakasimama wakiridhika.

Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza unakata kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, usiende mbali. Pili unakata kutoka juu, mbele kidogo ya pale. Tawi linaanguka na gamba linabaki. Tatu unaondoa kisiki kilichobaki, ukiiacha ile shingo iliyovimba pale tawi linapotokea kwenye shina. Usiikate shingo hiyo, wala usiache kisiki kirefu cha kutundikia kofia. Na oili yako irudishe kwenye pikipiki. Mwanasayansi mmoja wa misitu wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone ndani kunakuwaje. Akakuta mti hauponi kidonda kama sisi. Unakizungushia ukuta ndani kwa ndani ili uozo usisambae. Ukuta huo unaanzia kwenye ile ile shingo ambayo fundi wetu anaifyeka.

Na mti uliokatwa kichwa haukai kimya. Mjohoro, hasa, utachipua kwa hasira, machipukizi kumi pale palipokuwa na tawi moja. Jirani atafurahi: "Si unaona, umependeza!" Machipukizi hayo yameshika kwa juu juu tu, huku kisiki chini yao kinaoza. Miaka michache baadaye yamekuwa marefu na mazito, na mti uliokatwa kwa usalama umekuwa hatari ya kweli. Kijana anarudi getini. Safari hii hasemi uongo.

Katikati ya hayo yote kivuli kimeondoka. Kijiwe cha bodaboda kimehamia chini ya paa la duka, mama ntilie amefunga mwavuli wa kampuni ya simu, na saa saba mchana sisi wengine tunatembea tumejifunika gazeti.

Mimi sitaki makuu. Kwa mwaka, usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti. Tawi likishagusa waya wa umeme, hilo si la panga wala la ujasiri, wapigie TANESCO. Na pale Butiama tuna chuo kikuu cha kilimo chenye jina la Mwalimu Nyerere; nawaomba wawaite hawa vijana wa panga hata wiki moja, wapewe na cheti, maana Mtanzania akipewa cheti anaheshimu hata alichokuwa anakifanya zamani.

Lakini la kwanza kabisa ni malipo. Nimeanza nyumbani kwangu. Alipokuja wa mwezi huu, akanishika kwa heshima zote.

"Shikamoo mzee. Huu mwarobaini utakuua."

"Marahaba, kijana wangu. Nakulipa pesa taslimu. Utoe lile tawi kavu, na hili linalosugua bati. Basi. Kuni zinabaki hapa."

Akauzunguka mti. Akaugonga kwa mgongo wa panga, akasikiliza, akaugonga tena.

"Mzee, kumbe mti mzima huu. Mimi niliuangalia nikiwa mbali."

Kisha akauliza ule mwembe wa pili yake ni wa nani.