Goli la Jirani

Mtaa wowote wenye wapenzi wa mpira siku hizi umegawanyika makundi mawili, na mgawanyiko wenyewe hauna uhusiano na Simba wala Yanga. Kuna wenye dishi juu ya bati na kuna wenye bando ndani ya simu. Mechi ikichezwa saa nne usiku, wa dishi huliona goli. Wa bando hulisikia kwanza, kupitia ukutani, likipigiwa kelele na jirani, wakati kwenye kioo chake mshambuliaji bado yuko katikati ya uwanja anafunga kamba za viatu. Hapo huanza dhiki ya nusu dakika isiyofidiwa na kifurushi chochote: unajua goli linakuja, hujui litatoka wapi, na huwezi kulishangilia wala kulizuia. Wanaotuhubiria kwamba kustrimu kumetuokoa na bili za king'amuzi huitaja dhiki hii kama kasoro ndogo ya kiufundi. Mimi naona ndiyo kesi yenyewe. Anayelipia mpira halipii picha. Picha za magoli huzagaa mtandaoni bure kabla wachezaji hawajaoga. Analipia kutojua. Mubashara maana yake ni kwamba wewe, kocha, refa na yule kipa wote hamjui kinachofuata, kwa wakati mmoja. Na kutojua ni bidhaa inayooza haraka kuliko samaki wa soko la Feri mchana wa jua kali. Strimu hukuuzia samaki yuleyule, ila ameshalala juani nusu dakika.

Si uzembe wa mtu. Ndivyo chombo kinavyofanya kazi. Setilaiti ya televisheni imetulia angani kiasi cha kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mawimbi yakipanda huko na kushuka hadi kwenye dishi hutumia robo sekunde hivi. Ongeza sekunde chache za kuibana picha na kuifungua, kazi imekwisha. Tena hushukia wote kwa pamoja, awe anaangalia mtu mmoja au milioni. Ni mbiu ya mgambo: hulia mara moja, kila mwenye masikio akasikia. Strimu haina mbiu. Hutuma tarishi kwa kila nyumba, kila mmoja na bahasha yake. Mchezo hukatwa vipande vya sekunde kadhaa. Apple, ambao mfumo wao wa kustrimu wa mwaka 2009 umeenea kuliko mingine, walianza kwa kupendekeza vipande vya sekunde kumi, baadaye wakashuka hadi sita. Simu nayo hungoja ikusanye vipande kama vitatu ndipo ianze kuonyesha, ili njia ikiharibika iwe na akiba ya kula. Piga hesabu mwenyewe, kisha mwongezee tarishi muda wa kupita kwenye mitambo, kuvuka bahari, kupanda mnara na kushuka sebuleni. Nusu dakika si ajabu, na dakika nzima imeshaonekana. Ubaya ni kwamba akiba ileile inayomkinga mtazamaji asikwame ndiyo inayomchelewesha. Ukiipunguza, kale kaduara kanaanza kuzunguka. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hapa heri imeshafika kwa jirani.

Mtetezi wa strimu atacheka: nusu dakika ni nini kwa mtu aliyezoea kungoja daladala saa nzima? Tungekuwa tunazungumzia tamthilia ningenyamaza, maana tamthilia hata ukiikosa wiki mbili utamkuta mama mkwe bado hajamaliza sentensi. Mpira ni dakika 90 ambazo mambo yake yote ya maana hutokea ndani ya sekunde chache. Shambulizi la kushtukiza kutoka boksi hadi boksi halihitaji nusu dakika. Penalti ndiyo kabisa: kwenye simu yako refa bado anawafukuza wachezaji nje ya boksi, na mtaa umeshatoa hukumu. VAR nayo imekuja na utamu wake. Mtaa unalipuka, nawe unajiweka sawa. Goli linaingia kwenye kioo chako, unarusha mikono juu, na kabla haijashuka ukuta unatoa matusi. Hapo unatambua kwamba unashangilia goli ambalo kwa wenzako limeshafutwa. Sidhani kama binadamu aliwahi kupewa nafasi ya namna hii, ya kufurahi huku ushahidi wa kumkatalia furaha ukiwa umetangulia.

Wapo wanaoshauri madirisha yafungwe. Dirisha litamzuia jirani, lakini litamzuiaje mjumbe aliye mfukoni? Programu za matokeo na za kubeti hupata taarifa kwa watu waliokaa uwanjani wakibonyeza kila kinachotokea, na taarifa ya goli ni maneno machache mepesi yasiyohitaji kukatwa vipande. Kwa hiyo ujumbe wa goli la dakika ya 67 unadondoka juu ya picha ya dakika ya 66. Simu moja inakuletea mpira na umbea wa mpira, na umbea ndio unaofika kwanza. Zima taarifa zote, litabaki kundi la WhatsApp la ukoo. Mjomba ni mstaarabu, haandiki matokeo. Anaweka kikaragosi kimoja kinacholia, na kwa kuwa ukoo mzima unajua timu yake, hesabu imefungwa.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya pesa, na mwenye kuidharau hajawahi kulipa kodi ya nyumba. Kifurushi cha king'amuzi chenye ligi kubwa za Ulaya ni mzigo kwa mshahara wa kawaida, na mwezi ukiisha kimekwisha, hata kama televisheni hukuiwasha. Hilo nakubali. Ninachokataa ni kwamba strimu imeifuta bili. Imeikata vipande tu, kama inavyofanya kwa picha. Kuna ada ya programu, na kuna bando. Picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa, kwa hiyo mechi moja pamoja na mapumziko, dakika za nyongeza na refa kushauriana na sikio lake, inakaribia GB 6. Anayetaka kubana hushusha ubora wa picha mpaka mpira unapotea, wanabaki watu ishirini na wawili wakikimbizana bila sababu inayoeleweka. Na bando lina adabu ya pekee: hukuarifu kwamba umetumia asilimia 75 wakati wa kona. Marekani, ambako jambo hili lilipewa jina la kukata waya (sisi wengi wetu hatukuwa na waya wa kukata, Dar es Salaam ilizima analojia tarehe 31 Desemba 2012 tukaangukia kwenye ving'amuzi), ndiko kwa kutazama kama unataka kujua mwisho wa safari. Strimu ya YouTube TV ilianza mwaka 2017 kwa dola 35 kwa mwezi. Januari 2025 ilifika dola 82.99. Waya ulikatwa, bili ikachipua.

Halafu kuna siku ambazo tarishi hafiki kabisa. Siku za kawaida matarishi wanatosha. Siku ya shughuli hukanyagana mlangoni. Agosti 2017 pambano la Mayweather na McGregor lilicheleweshwa kwa sababu mitambo ilizidiwa na watu waliokuwa wakinunua haki ya kulitazama mtandaoni, yaani ngumi zilisubiri intaneti ipone. Wakati wa Kombe la Dunia la 2018, strimu ya kampuni ya Optus nchini Australia ilikwama vibaya hadi waziri mkuu, Malcolm Turnbull, akazungumza na mkuu wa kampuni, na mechi zikaishia kuonyeshwa na SBS, televisheni ya umma. Si kila nchi ina fundi dishi mwenye cheo hicho. Novemba 2024 Netflix walionyesha pambano la Jake Paul na Mike Tyson. Kwa hesabu yao wenyewe strimu milioni 65 zilikuwa zikienda kwa wakati mmoja, na watu wengi waliona picha ikigandaganda. Tyson alikuwa na miaka 58, kwa hiyo kuna waliochukua muda kutambua kama tatizo liko kwenye mtandao.

Kwetu tarehe ya kukumbuka ni 12 Mei 2024. Jumapili hiyo nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Jioni yake, saa kumi na mbili unusu, Arsenal walikuwa Old Trafford. Mwenye dishi hakuhitaji kujua kwamba chini ya bahari kuna waya. Wa bando alilazimika kujifunza jiografia ya Bahari ya Hindi ndani ya mchana mmoja. Arsenal walishinda 1–0, na nadhani kuna mashabiki wa Manchester United wanaozishukuru nyaya zile mpaka leo. Utaniambia dishi nalo si malaika: mvua kubwa ikinyesha linaandika hakuna mawimbi, na umeme ukikatika simu inaendelea kuonyesha huku televisheni ikiwa kioo cha kujitazamia. Kweli kabisa. Lakini mvua inayokupotezea mawimbi wewe imempotezea na jirani wa dishi, na giza ni la mtaa mzima. Mnakosa pamoja, na hakuna wa kukupigia kelele ukutani.

Linki za bure sitazijadili sana, kwa kuwa zinajijadili zenyewe. Ukigusa alama ya kufunga tangazo linafunguka jingine, na ukilifunga hilo unaarifiwa kwamba simu yako ina virusi kumi na tatu. Mtangazaji huongea lugha ambayo haijulikani inatumika bara gani. Na kwa kuwa picha yenyewe imechotwa kwenye strimu nyingine iliyokwisha kuchelewa, huyu anaangalia mpira wa marehemu.

Sasa pingamizi ambalo naliheshimu kuliko yote: kama hata dishi huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya uwanja, na redio ya zamani iliwahi kuliko televisheni, kelele zote hizi za nini? Kila mtu amechelewa, wamezidiana tu. Hapohapo ndipo ninapoegemea. Kuchelewa hakuumi, kinachouma ni kuzidiana. Mtaa mzima ukichelewa dakika kumi kwa pamoja, hakuna aliyechelewa. Mtanzania aliye Minneapolis anayeamka asubuhi kuitazama Simba na Yanga kwa simu hana shida na strimu, bali ni neema kwake: hakuna dishi litakalomfikishia mechi hiyo, na jirani yake anayechota theluji hajui Msimbazi wala Jangwani. Adui yake pekee ni mjomba na kikaragosi chake. Kwa upande mwingine, chukua kibanda umiza, chombo ambacho wataalamu wa teknolojia hawakitaji kamwe kwenye mikutano yao. King'amuzi kimoja, televisheni moja, watu sitini kwenye mabenchi ambayo ndiyo yamekipa kibanda jina lake. Kiingilio ni bei ya soda au pungufu. Kama mwenye kibanda ana kibali cha kuonyesha, aulizwe yeye. Ninachojua ni kwamba humo ndani hakuna nabii. Goli linawakuta wote midomo wazi kwa sekunde ileile, na atakayesimama mbele yako anakuziba kwa haki, kwa sababu naye hakujua.

Labda, anasema mtetezi wa mwisho, siku moja wote tutahamia kwenye strimu, na hapo tutachelewa sawa. Hatutachelewa sawa. Tarishi huenda kwa kila simu peke yake: iliyofunguliwa mapema iko mahali pake, iliyokwama sekunde nne dakika ya 20 imebaki nyuma sekunde nne hadi mwisho, na ya mtoto iliyosimamishwa ili akalete maji iko mbali zaidi. Nyumba moja, programu moja, simu tatu: goli moja linafungwa mara tatu, na mara ya tatu halishangiliwi na mtu. Wahandisi wanafupisha vipande na wanapunguza akiba, na huenda siku moja strimu ikalifikia dishi. Hata ikilifikia, kuzidiana hakutaisha: nitamwonea huruma mwenye dishi aliyepanga Temeke jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Kwa aliye umbali wa kilomita moja, kelele za mashabiki uwanjani humfikia baada ya sekunde tatu, zikipitia dirishani bila kifurushi, naye amekaa mbele ya televisheni yake aliyoilipia mwezi mzima, akiisubiri Yanga ipige kona ambayo imeshaingia.