Karanga za Mjapani

Semina ilikuwa Jiji la Mexico, siku tano, na jirani yangu mezani alikuwa mama mmoja wa Kijapani, mpole kupindukia. Siku ya tatu nikaona dukani pakiti imeandikwa *cacahuates japoneses*, karanga za Kijapani. Maskini, nikasema, mama wa watu hajaonja cha kwao tangu afike. Nikamkabidhi kwa mikono miwili, na kuinama nikainama, kiuno cha mtu wa Tandika kikalia.

Akaigeuza pakiti. Akaigeuza tena. "Hii ni nini?"

Nikajitia fundi wa kumwonyesha. Nikatupia moja mdomoni. Lile gamba ni gumu kama kokoto. Lilivyopasuka, mtoa mada alinyamaza akatazama dari.

Aliyetustiri ni mwenyeji wetu, wakati wa chai. Kumbe karanga hizo ni za Mjapani, ila si za Japani. Bwana Nakatani alifika Mexico mwaka 1932 kufanya kazi kwenye kiwanda cha vifungo cha Mjapani mwenzake. Vita Kuu ya Pili ikaja, kiwanda kikafungwa, naye keshaoa Mmexico, Emma Ávila, na watoto wanataka kula. Wakaanza kukaanga vitafunwa nyumbani, wakiuza maeneo ya soko la La Merced. Miaka hiyo ya 1940, akikumbuka vya kwao, akazivika karanga unga wa ngano wenye sosi ya soya. Wateja wakawa wanaulizia karanga za yule Mjapani, na jina likaganda. Ubunifu wenyewe hakuusajili, basi kila mwenye karai akaiga. Siku hizi Wamexico wanazikamulia ndimu na kuzimwagia pilipili, jambo ambalo mimi naliunga mkono kwa mikono miwili ileile.

Nilirudi Dar na pakiti nne. Shangazi yangu hukaanga karanga za mayai, anazifunga kwenye vifuko vya nailoni na kuzipeleka dukani kila Ijumaa. Kwake nilijua nitapata sifa. Akachukua moja, akaitafuna taratibu, macho kayafumba kama hakimu. Akachukua ya pili.

"Yai liko wapi?"

"Hazina yai, shangazi."

Akanirudishia bakuli. "Ndiyo maana yule mama alizikana."