Mafundi wa Baraza

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi, toa cherehani mbovu barazani. Gari likiharibika, watu hukupa pole wakapita. Cherehani ikigoma, mpita njia huketi kitako na kuuliza bisibisi iko wapi. Aliyesema penye wengi hapaharibiki neno hakuwa na cherehani.

Yetu ni Singer ya miguu, mali ya Bibi, nyeusi, maua yake ya dhahabu yameliwa na viganja. Herufi za mwanzo za namba yake zinaonyesha ilitoka Clydebank, Uskoti. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1980, ila stesheni ya treni ya hapo ingali inaitwa Singer. Yaani hata tungetaka kuirudisha kwa wenyewe, tungeishia kukaa nayo stesheni tukisubiri treni.

Iligoma wiki ya harusi, si wiki nyingine. Khanga hununuliwa doti, vipande viwili vimeungana, na mwanamke anayejiheshimu hatoki nayo mbele ya wakwe kabla haijakatwa na kupindwa. Shangazi alikuwa na rundo la doti za sare. Mshono wa kwanza, juu umenyooka vizuri. Kugeuza chini, tambi za Idi!

Hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika. Jirani wa kushoto alisema ni sindano imewekwa kinyume. Hilo si la kupuuzwa, maana sindano ina upande wa bapa na upande wenye mfereji, na uzi huingilia kwenye mfereji. Tukaitazama: imekaa sawa. Mzee wa duka akasema ni mkanda umelegea, akaukata, akauunga upya, akaondoka na kipande kilichobaki. Kijana wa bodaboda akasikiliza mngurumo, macho kafumba, akasema, “Hii ni plagi.” Mama wa nyuma akasema ni jicho, akaagiza ubani.

Wengine wote walikubaliana kuwa ugonjwa uko kwenye bobini, kwa kuwa uchafu unaonekana kule chini. Kila aliyeshika bisibisi alikaza ile skrubu ndogo ya nyumba ya bobini, na aliyefuata akailegeza. Mwishowe ikachoka, ikarukia mchangani. Nikafunga sumaku ya spika mbovu ya redio kwenye kamba, nikaivuta juu ya mchanga. Ikaleta misumari, kibanio cha nywele, kizibo cha soda, ndipo skrubu ikaja imening'inia pembeni, ndogo kuliko punje ya mchele.

Muda wote huo Bibi alikuwa anachambua choroko. Akasema bila kuinua uso, “Mjukuu wangu, uzi ukijaa chini, mchawi mtafute juu.”

Na ndivyo ilivyo. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokabana katikati ya kitambaa. Uzi wa juu hushuka, huzungushwa bobini nzima, kisha huvutwa kurudi. Visahani viwili vya tensheni visipoubana, unaozidi hulundikana chini, na bobini ikasingiziwa. Ndiyo maana uzi hutungwa mguu wa kukandamiza ukiwa umeinuliwa, visahani viachane uingie katikati yao.

Nikavifungua. Ndani mlikuwa na kipande cha uzi mwekundu na utando wa manjano unaonata. Bibi akaunusa. “Nani kaipaka cherehani yangu mafuta ya kupikia?” Shangazi akakumbuka ghafla ana nguo kambani. Mafuta hayo hukauka yakawa gundi. Tukasafisha kwa mafuta ya taa, tukatia mafuta ya cherehani, tukakanyaga bila uzi mpaka ikalainika.

Tukatunga uzi. Nikakanyaga: gurudumu linazunguka, sindano imetulia tuli. Mafundi wote wakarudi mbio, na kijana wa bodaboda mbele yao: “Si nilisema plagi?” Kumbe aliyejaza bobini alifungua kile kitasa cha katikati ya gurudumu, akakirudisha na wosha yake yenye masikio ikiwa kinyume, nacho hakibani. Nikaigeuza nusu mzunguko, nikakaza. Sindano ikaanza kazi.

Khanga za harusi zilipindwa zote. Mzee wa duka anasimulia mpaka leo kuwa ilikuwa mkanda, na mama wa nyuma anajua ni ubani. Kesho yake asubuhi wakafika wote, safari hii na mifuko: doti hii, pazia lile, na kijana wa bodaboda kabeba kiti cha pikipiki kilichochanika. “Bibi, ni mshono mmoja tu, na sisi tulisaidia.”

Bibi akaitazama mifuko. “Ushauri mlinipa bure, nami nikaupokea bure. Kupinda ni hela, na kiti hicho mpelekee fundi plagi.”